Ella Jenkins na nyimbo za watoto: maswali mnayoniuliza kila siku

Nafundisha darasa la awali, wale wa miaka 4 mpaka 6, na kila tukikutana walimu nikitaja jina la Ella Jenkins maswali yanakuja yaleyale, kwahiyo nimeamua kuyaandika yote sehemu moja, mtu akiniuliza tena namtumia hii. Mengine nimejibu kwa kirefu manake nayapenda sana, mengine kwa kifupi tu.

Kwanza huyu Ella Jenkins ni nani?

Mtunzi wa nyimbo za watoto na mwalimu, Mmarekani mweusi wa Chicago. Santuri yake ya kwanza ilitoka 1957 na albamu yake ya mwisho mwaka 2017, yaani miaka 60 mtu anatunga na kuimba na watoto tu, na katikati hapo ana albamu zaidi ya 30. Kule kwao wakitaja muziki wa watoto jina lake linakuja mbele ya mengine yote. Huku kwetu hajulikani sana na hilo linanisikitisha, hasa ukizingatia kwamba kuna kipande cha Kiswahili kwenye kazi yake, nitakielezea huko chini.

Alizaliwa wapi, alikulia maisha gani?

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1924 mjini St. Louis, jimbo la Missouri, ila familia ikahamia Chicago angali mdogo na huko ndo alikokulia, upande wa kusini wa mji ambako watu weusi wengi waliotoka majimbo ya kusini walifikia. Mama yake alikuwa anafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Walikuwa wanahamahama, leo mtaa huu kesho ule, na mtu angeweza kuona hiyo ni shida tupu, lakini kila mtaa mpya ulikuwa na watoto wake na michezo yao, nyimbo zao za kurukia kamba na za kupigiana makofi, na yeye alikuwa anaziokota zote. Nikisoma habari za utoto wake huwa nawaza watoto wetu wa nyumba za kupanga, mtoto akihama Mbagala kwenda Gongo la Mboto anarudi na mchezo mpya wa kombolela au namna nyingine ya kuimba wimbo uleule.

Halafu kuna mjomba wake, walikuwa wanamuita Uncle Flood, alikuwa anapiga harmonika, kile kinanda cha mdomo, na anapenda sana bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi. Ella mdogo alikuwa anakaa karibu yake anamsikiliza. Hilo ndo darasa lake la kwanza la muziki, mtu mzima wa nyumbani anapiga chombo na mtoto yupo karibu na hajafukuzwa.

Uimbaji wake wa kuita na kuitikia alijifunza kwa nani?

Mwenyewe alikuwa anamtaja Cab Calloway, yule mwanamuziki wa jazi aliyekuwa anaita neno jukwaani na ukumbi mzima unamrudishia. Ella alimuona akiwa bado binti na ndo akaanza kuvutiwa na uimbaji wa namna hiyo. Ongeza na nyimbo za makanisani za mitaa aliyokulia, huko nako mmoja anaanza wengine wanapokea.

Alisomea muziki chuo gani?

Hakusomea. Hili swali naulizwa kuliko yote na nadhani nyuma yake kuna mwalimu anayeogopa, anayejiona hana sifa. Ella alisoma sosholojia San Francisco State, akachanganya na saikolojia ya watoto na mambo ya michezo na burudani, akahitimu 1951. Kule San Francisco alikuwa anakaa na mabinti wa Kiyahudi, akajifunza nyimbo zao. Muziki alijifunza kwa kusikiliza na kwa kufanya.

Na mimi naona ile saikolojia ya watoto ilimsaidia kuliko ambavyo noti zingemsaidia. Mtu aliyesomea muziki kwanza mara nyingi anaanza na wimbo halafu anatafuta watoto wa kuuimba, Ella alianza na mtoto. Anaweza kukumbuka maneno mangapi? Anachoka baada ya muda gani? Sauti yake inafika wapi bila kupiga kelele? Hayo yakijulikana ndo wimbo unakuja.

Aliingiaje sasa kwenye kazi ya nyimbo za watoto?

Aliporudi Chicago, mwaka 1952 alipata kazi YWCA, ile jumuiya ya Kikristo ya wanawake, akiwa msimamizi wa programu za vijana. Akiwa huko akaalikwa kwenye kipindi cha watoto cha televisheni ya umma ya Chicago, wakampenda, wakampa siku yake ya Alhamisi, akaiita This Is Rhythm, yaani huu ndo mdundo, na akawa anawaleta wageni wa makabila na mataifa tofauti waonyeshe midundo ya kwao. Hiyo ni Marekani ya miaka ya 50 jamani, mwanamke mweusi kwenye TV anawaambia watoto kwamba kila watu wana mdundo wao na wote unafaa kusikilizwa.

1956 akaacha kazi ya kuajiriwa akajitegemea. Akapeleka rekodi yake ya majaribio New York kwa Moses Asch, mwenye kampuni ya santuri ya Folkways, na 1957 santuri ikatoka, jina lake Call-and-Response, kwa Kiswahili naweza kusema kuita na kuitikia. Asch alikuwa mtu wa kurekodi vitu ambavyo makampuni makubwa hayakuona faida yake, nyimbo za vibarua, sauti za vyura, mashairi, kwahiyo mwanamke anayeimba na watoto akiwa na ngoma tu hakumshangaza.

Hiyo kuita na kuitikia ina nini cha ajabu? Si tunayo tangu zamani?

Tunayo, na ndo maana nampenda. Hebu angalia siku ya mtoto wa Kiswahili ilivyo. Anaamka, shikamoo, marahaba. Mgeni mlangoni hodi, ndani karibu. Shuleni mchakamchaka, mmoja anaita wote wanajibu huku wanakimbia. Jioni bibi anasema paukwa na asipoambiwa pakawa hadithi haianzi, na kitendawili bila tega hakitegwi. Lugha yetu yenyewe imejengwa hivyo, nusu anayo anayesema na nusu anayo anayesikia.

Alichofanya Ella ni kulichukua jambo hilo, ambalo kwake lilitoka kwa mababu zake waliochukuliwa Afrika wakapelekwa utumwani na likabaki kwenye nyimbo za kazi na za kanisa, akalifanya njia ya kufundishia watoto wadogo. Wimbo wake mara nyingi una mstari mfupi sana, maneno manne au matano, anaimba anaacha nafasi. Ile nafasi ndo ya mtoto. Ukiusikiliza wimbo wenyewe bila watoto unaona kama hauna kitu, kuna shimo katikati, na kweli upo nusu, hauwezi kuisha mpaka mtoto aseme.

Sasa tofautisha na tunavyofanya wengi wetu. Mwalimu anaandika wimbo ubaoni, watoto wanakariri wiki nzima, siku ya mahafali wanapangwa mstari wanaimba kwa wazazi, aliyekosea anafinywa. Hapo mtoto anatumikia wimbo. Kwa Ella wimbo ndo unamtumikia mtoto, na mtoto akijibu tofauti na ulivyotegemea hajakosea, amekupa mstari mpya.

Nina mfano wa darasani kwangu. Nilikuwa na mtoto mmoja mzito wa kuongea, muhula mzima sauti yake siijui. Siku moja tunaimba majina, naita wanaitika, wote wakishamaliza kuitika yeye ndo akaitika, peke yake, amechelewa, darasa likanyamaza likamgeukia. Niliogopa watamcheka. Nikaita tena kama vile hakuna kilichotokea, wakaitika, halafu bila mtu kuwaambia wakanyamaza wanamsubiri, akaitika. Kuanzia hapo ule wimbo kwetu una kiitikio mara mbili, cha wote na cha kwake. Mwaka umeisha ameenda darasa la kwanza na waliobaki bado wanauimba hivyohivyo na ile nafasi wanaiacha.

Kuna albamu yake moja watu wanaitaja sana, ni ipi?

You'll Sing a Song and I'll Sing a Song, ya 1966. Jina lake ni kama kusema utaimba na mimi nitaimba. Ndo santuri iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Folkways, na ukumbuke hiyo ni kampuni iliyotoa zaidi ya santuri 2,000 wakiwemo waimbaji wazima maarufu kama Woody Guthrie na Lead Belly. Mwaka 2007 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye orodha ya rekodi zinazotunzwa kama urithi wa taifa. Ukiisikiliza utasikia watoto humohumo, wanaitika, sio kwaya iliyonyooshwa mpaka ikapoteza utoto.

Kweli aliimba kwa Kiswahili au mnatukuza tu?

Kweli. 1974 alitoa albamu inaitwa Jambo, na ndani wimbo wenye jina hilo unafundisha watoto salamu ya Kiswahili.

Najua mtasema, maana nimeshaambiwa, kwamba jambo ni la kumsalimia mtalii, sisi tunasema hujambo na mtu anajibu sijambo. Sawa, ni kweli, na mimi darasani nafundisha hujambo. Lakini kwa mtoto wa Chicago wa mwaka ule kujua kwamba kuna watu wanasalimiana kwa neno hilo, tena watu weusi kama yeye, lilikuwa jambo kubwa. Kipindi hicho Wamarekani weusi wengi walikuwa wanakitafuta Kiswahili. Sikukuu ya Kwanzaa ilikuwa imeanzishwa 1966 na maneno yake ni ya Kiswahili, umoja, ujima, ujamaa, nia, imani. Mwaka huohuo wa 1974 Mkutano wa Sita wa Pan-Afrika, ule wa kuwaunganisha watu weusi wa dunia nzima, ulifanyika Dar es Salaam, na Wamarekani weusi walikuja wengi tu. Na mwaka huohuo tena Muriel Feelings alitoa kitabu cha watoto cha alfabeti ya Kiswahili, mume wake Tom akachora picha, nacho kina neno jambo kwenye jina lake. Kwahiyo Ella hakuwa peke yake, ila watu wazima walikuwa wanakipata Kiswahili kwenye mikutano na hotuba, yeye akampelekea mtoto wa miaka minne.

Na hakuishia Kiswahili. Aliimba kwa lugha nyingi, Kihispania, Kiebrania, Kimaori na nyingine, alisafiri mabara yote saba, na kila alikoenda alikuwa anatoa wimbo na kuchukua wimbo. 1995 akatoa albamu ya nyimbo za watoto wa tamaduni mbalimbali ambayo walimu wengi Marekani wanaitumia mpaka leo.

Ubaguzi wa rangi haukumgusa?

Ulimgusa. Miaka ile alikuwa anazunguka shule kwa shule, mji kwa mji, analala usiku mmoja hapa kesho kwingine, na njiani alikutana na ubaguzi mara nyingi. Yaani asubuhi amewaimbisha watoto wa kizungu wakafurahi, jioni rangi yake inamfungia mlango. Nikifika hapo huwa naumia kweli.

Alikuwa kwenye harakati za haki za raia na alirekodi nyimbo za historia ya watu weusi, 1969 alitoa albamu nzima kuhusu safari ndefu ya kuutafuta uhuru. Ila mimi nadhani kazi yake kubwa ya kupigania haki ni ile ya kila siku, kuwaketisha watoto duara moja na kuwapa zamu sawa. Kwenye kuitikia hakuna mtoto wa mbele na wa nyuma.

Alikuwa anapiga vyombo gani?

Ukelele, ile kama gitaa dogo la nyuzi nne, harmonika, ngoma ya konga na vitu vya kutikisa kama manyanga. Vyombo vidogo anavyoweza kubeba mwenyewe na vyenye sauti isiyomfunika mtoto. Hiyo ya sauti isiyomfunika mtoto iwekeni akilini, kuna shule zimenunua spika kubwa watoto wanaimba mdomo unaonekana unafunguka sauti husikii.

Alipata tuzo?

Nyingi. 2004 alipewa Grammy ya mchango wa maisha yake yote, na kabla ya hapo, 1999, chama cha watunzi cha ASCAP kilikuwa kimempa tuzo yake ya muziki wa watoto. 2017 serikali ya Marekani ikamtambua kwenye heshima yake ya juu kabisa ya sanaa za asili. Chicago kuna bustani ya watoto kuchezea yenye jina lake, na mimi ningekuwa yeye hiyo ndo ningeipenda zaidi.

Alikuwa na watoto wake?

Hapana. Aliishi na Bernadelle Richter, aliyekuwa mwenza wake na meneja wake kwa miaka mingi sana.

Bado yupo hai?

Alifariki tarehe 9 Novemba 2024 hapo Chicago, akiwa na miaka 100. Miezi mitatu tu baada ya kutimiza karne.

Nyimbo zake nazipata wapi?

Zipo mtandaoni karibu zote. Moses Asch alifariki 1986, na mwaka uliofuata kampuni yake ikachukuliwa na taasisi ya Smithsonian ya Washington, kwa makubaliano kwamba kila albamu iendelee kupatikana hata kama ananunua mtu mmoja kwa mwaka. Kwahiyo hata zile za miaka ya 50 zipo. Ushauri wangu kama bando ni dogo pakua mbili tatu tu, uzisikilize mwenyewe mpaka uelewe anaacha nafasi wapi, halafu simu iweke mfukoni uimbe wewe. Usiwawekee watoto simu waisikilize, hapo umeshaua kitu chenyewe.

Niwafundishe kwa Kiingereza chake au nitafsiri?

Wala usitafsiri neno kwa neno, mdundo utakatika manake maneno yetu ni marefu na mkazo wetu unaangukia sehemu nyingine. Chukua njia, maneno tafuta ya kwetu. Watoto wenyewe watakupa, wasikilize wakicheza nje wakati wa mapumziko ukiwa na daftari.

Mimi sauti yangu mbaya na nina watoto 90 darasani, nafanyaje?

Sauti mbaya hakuna aliyeiona ila wewe. Mtoto wa miaka mitano hajui sauti nzuri ni ipi, anajua kama mwalimu anamwangalia au hamwangalii.

Hao 90 ni kweli ni wengi na sitakudanganya kwamba ni sawa na 20. Mimi nawagawa makundi matatu, moja linaita, moja linaitika, la tatu linapiga mdundo, halafu tunabadilishana. La mdundo lipe vyombo vya kutengeneza, vizibo vya soda toboa katikati pitisha waya tayari una kayamba ndogo, chupa ya maji tia mchele au kokoto, mafuu ya nazi mawili ukigonganisha unapata mlio wa kwato za punda na watoto wanaupenda balaa. Ila vyombo visitoke siku ya kwanza. Siku ya kwanza makofi na mapaja tu.

Usiimbe juu sana. Walimu wengi tunaanza kwa sauti ya juu ili tusikike, watoto wanapiga kelele kutufikia, baada ya dakika mbili darasa ni soko. Anza chini, watashuka wenyewe. Na mara mojamoja nong'ona, ukitaka darasa la watoto 90 linyamaze imba mstari kwa kunong'ona uone.

Wimbo mmoja dakika tatu unatosha. Ukiona wanauomba tena, waimbishe mara moja tu nyingine, kesho wataudai wenyewe asubuhi.

Mzazi analalamika kwamba mtoto anaimba tu shuleni hasomi, nimjibu nini?

Usibishane naye, mwalike akae darasani nusu saa. Aone mtoto anavyohesabu kwa mdundo, anavyosubiri zamu yake, anavyotamka silabi ba be bi bo bu bila kuambiwa akariri. Wazazi wawili wa darasani kwangu walikuja wamekasirika, mmoja mama mmoja baba, na yule baba kabla hajaondoka alikuwa anapiga makofi na kundi la tatu.

Kesho asubuhi nianze na wimbo gani?

Usianze na wimbo. Ukifika mlangoni usiingie. Simama nje wasikuone, piga hodi kwa kuimba, noti mbili tu, ya juu na ya chini, halafu nyamaza. Watajibu karibu, wengine kwa kupiga kelele. Piga ya pili polepole, wataitika polepole. Ya tatu nong'ona. Wakikujibu kwa kunong'ona ingia.